Oliver alikuja na belo

Suruali ya kwanza niliyomnunulia mke wangu kwenye mitumba pale Karume ilikuwa ya mjamzito. Hakuwa mjamzito. Mimi niliona jinzi safi, kitambaa kizito, haijapauka hata magotini, na kiunoni ina utepe mpana unaovutika kama soksi. Muuzaji akaniapia kwamba huo utepe ndiyo fasheni yenyewe, wadada wa mjini wanaugombania. Nikatoa elfu 14 bila kubisha, nikarudi nyumbani Tabata najiona mume wa mfano. Mama watoto akaitandaza kitandani, akauvuta ule utepe mpaka mikono ikaachana, kisha akanitazama.

"Baba, kuna jambo unataka kuniambia?"

Alinicheka wiki nzima. Ila hakuitupa, na miaka 2 baadaye kitindamimba wetu alipokuwa njiani, ile jinzi ndiyo iliyomsitiri mpaka mwezi wa tisa. Nikisemwa kwamba sijui kununua nguo, huwa nakumbushia hilo.

Kununua nguo kuliniangukia mimi kwa sababu ya ratiba tu. Mke wangu ni nesi, zamu zake hazijui Jumamosi. Mimi ni fundi friji, na wateja wa friji wanaanza kupiga simu saa tano, maziwa yakishaganda. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi ni yangu, na zaidi ya miaka 10 sasa nimeitumia kwenye mitumba. Watu wananihurumia. Wasinihurumie.

Kwa msioijua Dar: soko lenyewe ni la Mchikichini, Ilala, kando ya Barabara ya Uhuru, lakini limepakana na Uwanja wa Karume na hata konda wa daladala hatangazi Mchikichini, anatangaza Karume. Liliungua usiku mmoja Januari 2022. Dada ninayenunua kwake nguo za watoto alipoteza mzigo wote, na ukimuuliza habari za siku hizo anageuza mazungumzo. Leo yupo, na meza mpya ya mbao ambayo msumari mmoja umeshanichania mashati 2.

Yeye hununua belo, yaani robota la mitumba, likiwa limefungwa. Kwa nje limeandikwa aina tu: watoto, jinzi, magauni, mapazia. Kilo 45 za bahati nasibu. Siku ya kufungua anakata mikanda ya plastiki kwa kisu cha jikoni, na nguo zilizobanwa tangu ng'ambo zinaumuka taratibu kama unga wa maandazi. Harufu inatoka. Kila aliyekulia kwenye mitumba anaijua hiyo harufu: vumbi, dawa, kabati la mtu usiyemjua. Hapo hapo dada anaanza kuchambua. Nzuri kabisa zinapanda kwenye henga, na hizo nyingi hazifiki saa mbili, wenye maduka ya Sinza na wale wanaouza Instagram wameshazibeba. Za kati zinabaki mezani. Mchana bei inateremka, na jua likianza kuzama unasikia sauti zile: "Jero jero! Chagua jero! Mwenye nazo ameamka vibaya!" Jioni usiende kutafuta shati la harusi. Nenda kutafuta kaptula za kuchezea mpira na matambara ya kudekia.

Mimi huenda saa moja na nusu. Wakubwa wameshapita, jua bado, na muuzaji hajauza cha maana kwa hiyo anaogopa kukuacha uondoke.

"Hii shingapi?"

"Elfu 8, bosi wangu."

"Shati la mtoto?"

"Bosi, gusa kwanza. Hiyo pamba."

"Elfu 3."

"Usinitie gundu asubuhi, jamani! Lete 6 nifungulie siku."

"Nne, nachukua na hii bukta."

Ananyamaza, anatazama barabarani kama mtu aliyefiwa, halafu anavuta mfuko wa kufungashia. Ukiona mkono umegusa mfuko ujue umeshashinda, usiongeze neno.

Siku hizi naenda na binti yangu mkubwa, ana miaka 13, na amenipita. Mimi natazama rangi. Yeye anafumba macho nusu na kupitisha vidole kwenye rundo lote, anachomoa nguo 1 kati ya 40, na ni kweli ndiyo yenye kitambaa. Nilimfundisha mwenyewe mambo ya kukagua: geuza ndani nje, tazama kwapa kwanza maana doa la kwapa halitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Kisha msamba, uinue kwenye mwanga uone kama nyuzi zimelegea. Zipu upandishe na kushusha mara 3, siyo mara 1. Mifukoni ingiza mkono. Tumeshaokota humo tiketi ya treni, sarafu ya senti 20 za Euro, na jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi laini. Lile jino lilitusumbua. Tulilirudisha mfukoni na nguo tukaiacha.

Suruali ya mtu mzima haijaribiwi sokoni, unazungusha kiuno chake shingoni. Ncha zikikutana kisogoni bila kukaba, inakutosha. Kwa watoto waliobaki nyumbani nina kamba ya katani yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake, kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu. Napima tena kila mwanzo wa muhula. Nilianza na kamba hiyo baada ya kuchoshwa na lebo. Za Marekani zinakuambia 4T, za Uingereza zinakuambia miaka 5 hadi 6, za bara Ulaya zinakuandikia 116 ambayo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, na za Korea zinakuandikia L halafu haimwingii hata mke wangu. Kamba haina nchi.

Chupi na soksi nanunua mpya. Nguo za ndani za mtumba TBS, shirika la viwango, walishazipiga marufuku, ingawa ukizitaka hutembei hatua 20 hujazikuta. Hapo mimi sijadiliani na mtu.

Sasa utamu wenyewe uko wapi? Nguo mpya za bei ya mfuko wangu nazijua. Dukani Kariakoo nitapata fulana 10 zinazofanana, zina picha ya katuni iliyokosewa pua, na zikifuliwa mara 3 shingo inakuwa ya mzee. Kwa hela hiyohiyo pale mezani mwanangu wa kati, ambaye anapenda magari kuliko ugali, alijipatia shati la fundi gereji la saizi yake, la kweli kabisa, lina mfuko wa kalamu na mshono wa nyuzi mbili. Amelivaa mpaka shuleni walimuuliza kama hana nguo nyingine. Kitindamimba ana gauni la sufu lenye vifungo vya mbao vilivyochongwa kama bata. Nani angetengeneza kitu hicho kwa ajili ya mtoto wa Tabata? Hakuna. Na bado analo. Na kuna hili pia: dukani nikiwa na watoto 3 mimi ndiye wa kusema "hapana" kila rafu. Pale mezani nampa kila mmoja elfu 10 na kumwacha. Wanarudi wamebishana, wamepatana bei, wamebakiza chenji ya miwa. Sijamwambia mtu "hatuna hela" siku nzima.

Shemeji yangu hapendi kusikia haya. Yeye ni mtu wa viwanda. Baba yake alifanya kazi Urafiki pale Ubungo, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na kila nikivaa shati jipya la zamani ananikumbusha kwamba mitumba ndiyo iliyotuzikia viwanda. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, alinipigia simu usiku kunipongeza kwa msiba. Kisha Marekani ikakunja uso, ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi moja moja zikarudi nyuma, sisi tukiwemo. Rwanda ikabaki na msimamo wake, na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Shemeji ana hoja, simkatalii. Lakini mama yangu ananisimulia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupanga foleni kwa ajili ya kitenge ambacho ikifika zamu yako kimeisha, na baba anavaa suruali yenye kiraka juu ya kiraka kwenda kanisani. Viwanda vilikuwepo. Kwa hiyo tunaishia hapo, tunakunywa chai, na nimeshagundua kwamba jaketi lake la kwenda Arusha lina lebo ya Kijerumani.

Hata serikali, kwa utani wa mtaani, imehamia mtumba: mji wake wa wizara kule Dodoma uko mahali panapoitwa Mtumba. Natania tu.

Tukifika nyumbani nguo haziingii ndani. Zinalala kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni na chumvi, nyeupe zinawekewa Jiki, halafu juani kutwa mbili, kisha pasi ya kutosha. Baadaye zinakwenda kwa fundi wa cherehani kwenye kona, anapunguza, anabana, anashusha pindo kwa elfu 1 au 2. Mtoto akirefuka, pindo linafunguliwa. Gauni lile la mabata limeshafunguliwa pindo mara 2 na mistari yake inaonekana ukiangalia vizuri, kama ile ya kupimia urefu wa watoto mlangoni.

Na sasa Oliver.

Desemba moja, binti mkubwa akiwa na miaka 6, tulikuwa tunampeleka kwa bibi yake Njombe. Dar ni joto la kutokwa jasho hadi kwenye kope, na hiyo ndiyo siri: makoti mazito hapa hayana mnunuzi, wanaoyafuata ni wafanyabiashara wa Njombe, Mbeya na Arusha. Lile koti la bluu lenye kofia ya manyoya nililipata elfu 3, na dada akashukuru kuondokewa na mzigo. Kwenye basi, baada ya Makambako, binti akalivaa. Akageuza kola na kukuta lebo nyeupe imeshonwa kwa mkono, na kwa wino wa bluu mtu ameandika: OLIVER.

"Baba, Oliver ni nani?"

"Ni mwenye koti."

"Anajua tunalo?"

Sikuwa na jibu. Alikaa kimya mpaka stendi. Usiku ule alimwomba bibi yake kalamu, akaandika jina lake chini ya Oliver, herufi moja imegeukia upande usio wake. Tangu hapo koti halikuitwa koti. "Oliver yuko wapi?" "Oliver amelowa." "Mwaka huu Oliver anamwenda nani?" Akamwenda wa kati, naye akaandika jina. Akamwenda kitindamimba, akamfikia magotini, tukamsaidia kuandika.

Mwaka jana Oliver alimkaa kitindamimba mikono nusu. Tulimwacha Njombe kwa dada yangu, kwa mtoto wake. Julai hii dada amenitumia picha: asubuhi, umande umeganda mweupe kwenye majani nyuma ya nyumba, kijana amesimama na kikombe cha uji, kofia ya manyoya imemfunika mpaka nyusi. Chini ya picha ameandika kwamba kijana anadai kalamu, ila lebo imejaa.

Nimemjibu ailegeze mshono upande mmoja, aigeuze. Nyuma bado ni nyeupe.