Mfuko Ndiyo Viza: Siku Nne Longyearbyen kwa Krone 12,000

Bajeti ya kwanza niliiandika nyuma ya risiti, ndani ya treni ya kutoka Ås kwenda Oslo, na jumla yake ikanichekesha mwenyewe: krone 21,000. Wakati ule krone moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 250 za Tanzania, kwa hiyo piga hesabu. Kwa pesa hiyo, nyumbani Morogoro mtu anapata pikipiki mpya na chenji ya kuanzia biashara. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kilimo, nafanya usafi wa ofisi wikiendi ndani ya zile saa 20 kwa wiki ambazo mwanafunzi anaruhusiwa, na nilikuwa nataka kwenda Svalbard.

Svalbard ni visiwa vilivyo katikati ya Norwe bara na Ncha ya Kaskazini. Mji wake mkubwa, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini, una watu kama 2,500, na ulianzishwa mwaka 1906 na Mmarekani aitwaye John Munro Longyear aliyefuata makaa ya mawe. Kinachowashangaza watu nikiwasimulia si baridi, ni viza. Haitakiwi. Kisiwa kiko chini ya Norwe kwa mkataba wa mwaka 1920, lakini hakimo ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na hakuna taifa linaloombwa viza ya kuingia. Mtanzania, Mkongo, Mthailandi, wote sawa.

Usishangilie mapema. Ndege za abiria za kwenda huko zinaondokea Norwe bara, na Norwe bara ni Schengen. Kwa anayetokea Dar au Nairobi maana yake ni viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukipanda ndege ya Longyearbyen umeshatoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja atakwama mlangoni. Ada yenyewe ni euro 90, ukinyimwa hairudi, kwa hiyo iandike juu kabisa ya bajeti, kabla ya tiketi. Mimi nilikuwa na kibali cha kuishi Norwe, basi mstari huo nikaufuta. Kwa kweli ndio uliofanya safari yote iwezekane.

Halafu kuna jambo la pili. Mlango uko wazi, ila gavana wa kisiwa, wanayemwita Sysselmester, ana mamlaka ya kumwondoa mtu asiyeweza kujigharamia. Ustawi wa jamii wa kukupokea ukifilisika haupo. Hospitali ni ndogo. Hata mama mjamzito hupelekwa bara wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Niliposoma hayo nikaona bajeti hii si ya anasa tu. Kule mfuko ndiyo viza.

Kupunguza kutoka 21,000 hadi 12,000 kulinichukua miezi minne, na kazi kubwa ilikuwa kubishana na nafsi yangu. Hoteli ilikuwa ya kwanza kuondoka. Nikafikiria hema: karibu na uwanja wa ndege kuna eneo la kupigia kambi wakati wa kiangazi, na hakuna malazi rahisi kuliko hayo. Nilishaanza kumwomba rafiki mfuko wake wa kulalia nilipokuta kwamba mwezi Agosti 2020 dubu mweupe aliingia kwenye kambi hiyo hiyo usiku na kumuua mtu ndani ya hema lake. Nikamrudishia rafiki mfuko wake kabla hajanipa. Kuna pesa za kubana, na kuna pesa ambazo ukizibana unaitwa marehemu. Nikachukua kitanda kwenye chumba cha pamoja huko Nybyen, mabweni ya zamani ya wachimba makaa, krone 600 kwa usiku, kwa siku nne 2,400.

Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Oslo niliipata kwa 2,900 kwa kuwa niliinunua mapema na nikakubali saa mbovu. Basi la uwanjani 250, kwenda na kurudi. Kitu kimoja kikubwa nilijiruhusu, safari ya boti ya siku nzima, 2,200. Teksi ya kuchangia 200. Nguo na viatu 1,100, vyote mitumba, maana na Wazungu wana mitumba yao, safi, imepangwa kwa saizi, ila haina yule kijana wa kupiga kelele "shusha bei, shusha bei!" Chakula nikaweka 900. Zilizobaki, 2,050, nikaziandika "akiba" na kuzipigia mstari mara mbili.

Nieleze hiyo 900 ya chakula, kwa sababu wenzangu waliicheka. Svalbard haina kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo jaketi au kamera unaweza kuikuta rahisi kuliko Oslo. Lakini chakula kibichi kinakuja kwa ndege au meli, na bei inakuja nacho. Siku moja kabla ya safari nilikwenda Grønland, mtaa wa Oslo wenye maduka ya wahamiaji, nikanunua unga mweupe wa mahindi, mchele, maharage ya kopo na kifuko cha binzari. Dagaa nilikuwa nao, walitumwa kutoka nyumbani na nilikuwa nawatunza kama dhahabu. Begi langu la kwenda Aktiki lilikuwa na kilo nane za chakula na kilo nne za nguo.

Gardermoen, uwanja wa ndege wa Oslo, unapita kwenye ukaguzi wa pasipoti kana kwamba unaondoka nchini. Afisa alitazama pasipoti, akanitazama mimi, akauliza kama najua kuna baridi. Nikamwambia nimesikia. Baada ya saa tatu hivi angani tukashuka kwenye uwanja uliobanwa kati ya mlima na bahari. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni 2025, nyuzijoto 4, mlima una mabaka ya theluji, na jua linawaka saa saba usiku.

Jua hilo nilidhani nimejiandaa nalo. Huko linachomoza kwenye Aprili 20 na halizami tena mpaka Agosti 23 au karibu na hapo. Kulijua ni kitu kimoja. Kutoka nje saa sita usiku na kulikuta limekaa upande wa kaskazini, juu ya maji, halina haraka ya kwenda popote, ni kitu kingine. Magharibi haiingii. Nikafuata saa za Oslo kwa swala na nikalala na skafu machoni.

Hosteli ina jiko, na jiko ndilo lililookoa bajeti. Usiku wa kwanza nilisonga ugali kwenye sufuria nyembamba kwa kijiko cha mbao kilichokaribia kuvunjika, na kijana Mfilipino akaja kusimama mlangoni kuangalia. Wafilipino na Wathailandi ni wengi Longyearbyen kuliko mataifa mengine yote ukiwatoa Wanorwe. Huyu alikuwa anafanya kazi hotelini na alikuwa amepanga kitanda hapo wiki ya tatu akitafuta nyumba. Nyumba nyingi za mji ni za waajiri, akaniambia: kazi ikiisha, na nyumba imeisha, na hapo unatafuta tiketi. "Wewe umekuja na bajeti ya siku nne," alisema, "mimi nina bajeti ya kila siku. Nikiumwa mwezi mzima, naondoka." Nusu ya mshahara wake ilikuwa inakwenda kwao. Alikula ugali kwa adabu. Dagaa alikula kwa furaha, akasema kwao wapo wanaofanana nao kabisa.

Kesho yake rahisi ikageuka ghali. Natembea kutoka Nybyen kushuka mjini, kama kilomita mbili na nusu, napita chini ya nguzo za mbao zilizokuwa zikibeba ndoo za makaa kwenye waya, nasikia kiatu cha kulia kinanong'ona. Soli imeachia mbele. Hatua ishirini baadaye imeachia yote, inapigapiga kama kandambili. Buti nzuri ya ngozi, krone 250, niliyojisifia nayo wiki nzima. Gundi yake ilikuwa imezeeka kabatini kwa mtu. Nikaifunga kwa kamba ya begi na kuendelea, huku kulungu wa kule, wanene wenye miguu mifupi, wakila majani pembeni ya barabara bila hata kuniangalia.

Dukani buti mpya zilianzia 1,600. Hiyo ni akiba karibu yote, siku ya pili. Nilizivaa, nikatembea nazo dukani, nikazivua, nikazivaa tena. Muuzaji aliona kamba yangu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mjini kuna duka la mitumba. Nikapata gambuti za kijani, zimenizidi saizi moja, krone 100, pamoja na soksi za sufu. Nimezunguka Aktiki kwa gambuti, kama mtu anayekwenda shambani masika.

Kwenye jumba la makumbusho unavua viatu mlangoni. Ndivyo ilivyo hata hotelini na sehemu nyingine nyingi. Desturi imebaki tangu wachimbaji walipokuwa wakirudi na vumbi la makaa. Wageni wengine walishangaa. Mimi nimelelewa kuvua viatu, nilichokosa ni soksi zisizo na tundu. Mgodi wa mwisho wa Wanorwe, Gruve 7, ulikuwa unafungwa wiki ile ile, na mjini watu walilizungumzia kwa sauti ya msibani.

Boti sitaisimulia sana; kila aliyekwenda ana picha zilezile. Tulikwenda hadi mbele ya Nordenskiöldbreen, mto wa barafu unaoshuka mpaka baharini, rangi yake ya buluu nisiyoweza kuielezea. Tukaipita kwa mbali Pyramiden, mji wa makaa wa Warusi uliofungwa mwaka 1998. Kwa upande wa bajeti ninachokumbuka ni kwamba chakula kilikuwemo kwenye bei, na nilikula cha siku mbili. Dubu hatukumwona, na sikudai pesa yangu.

Siku ya nne tukachangia teksi, mimi na Wajerumani wawili, kwenda kwenye kilichonileta: ghala la mbegu la dunia, linalotunza akiba ya mbegu za mazao ya nchi mbalimbali. Liko mlimani juu ya uwanja wa ndege, na kinachoonekana ni kipande chembamba cha zege kimechomoza ubavuni mwa mlima, juu yake vioo vinavyomeremeta. Ndani kuna njia ya zaidi ya mita 100 inayoingia kwenye ardhi iliyoganda mwaka mzima, na mwisho wake vyumba vya nyuzi 18 chini ya sifuri vyenye sampuli za mbegu zaidi ya milioni moja. Lilifunguliwa Februari 26, 2008, na waliobeba mbegu za kwanza kuingia nazo walikuwa waziri mkuu wa Norwe, Jens Stoltenberg, na Mkenya wetu, Wangari Maathai. Kwenye shehena za mwanzo zilikuwamo mbegu za kunde kutoka Afrika. Utafiti wangu ulikuwa wa kunde. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Kuingia hairuhusiwi. Unasimama nje, unautazama mlango wa chuma. Wajerumani walipiga picha tatu wakarudi kwenye joto la gari. Mimi nilibaki kama dakika kumi na gambuti zangu, upepo unapita masikioni, hadi dereva akapiga honi. Kushuka tulipita karibu na viota vya ndege wadogo weupe jamii ya membe. Mmoja wa Wajerumani aliposhuka kupiga picha wakamdonoa kichwani. Kule watu huinua fimbo juu ya kichwa ili ndege wapige fimbo. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Jioni nilimpigia mama Kilosa kwa video. Nikamwamkia, nikamwonyesha jua la saa nne usiku, akasema nisimtanie. Nikamsimulia ghala, mlima, kunde, mlango wa chuma.

"Ukaingia?"

"Hawaruhusu, mama. Nimeuona mlango."

Akanyamaza kidogo. Nilijua anapiga hesabu, maana nilikosea siku moja nikamtajia jumla.

"Milioni tatu," alisema, "kuangalia mlango. Na kunde zenyewe hukuziona?"

"Sikuziona."

Akainuka na simu, picha ikayumba, nikaona dari nyeusi ya jiko letu la nje, halafu mahindi ya mbegu yamening'inia juu ya meko yameshika moshi, halafu kibuyu. Akakifungua, akamimina kunde kiganjani, akazisogeza karibu na kamera hadi zikawa ukungu mtupu.

"Haya, tazama," alisema. "Hizi bure."

Uwanja wa ndege kesho yake nilikuwa na krone 1,655 za akiba. Nikanunua kahawa.