Jagi la maji

Leo mimi na mume wangu tumekwenda kuangalia makao ya wazee hapa Ohio, kwa ajili ya mama mkwe. Amevunjika nyonga, nyumbani hatumwezi tena.

Tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee) huyapa makao kama haya nyota 1 hadi 5. Wanatazama ukaguzi, idadi ya wahudumu, na vipimo vya huduma, ambavyo baadhi hutokana na taarifa za makao yenyewe (hapo ndipo ninapoguna).

Haya yana 4. Mapokezi yananukia maua, na piano kubwa ipo.

Nikaomba choo, nikapita korido ya nyuma.

Taa ya kumwita muuguzi inawaka juu ya mlango. Watu wanapita tu.

Ndani kuna bibi, midomo imekauka hadi imepasuka. Jagi la maji limejaa pomoni, liko mezani ng'ambo ya chumba.

Nilitaka kumpa, nikaogopa, pengine ana shida ya kumeza. Nikamwita muuguzi. Akaja, mpole, macho yamechoka. "Leo tuko wachache, dada."

Jagi lile sijalisahau.

Kesho Jumapili tunarudi jioni, bila miadi. Ninyi mnaofanya kazi hizi huku, niangalie nini? Niambieni.