Siku moja na figo ya kaka: fundi cherehani, Moshi

Saa 12 asubuhi. Mzani, kipima joto, presha: hivi ndivyo naanza kila siku tangu nipandikizwe figo ya kaka. Naandika kwenye daftari la kazini: mbele kuna viuno na mabega ya wateja, nyuma kuna mimi. Uzito ukipanda ghafla au mkojo ukipungua, sisubiri tarehe ya kliniki.

Leo natolewa damu, kwa hiyo vidonge nimevifunga kwenye leso. Takrolimasi, dawa inayoshusha kinga ili mwili usiikatae figo, hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi, saa kumi na mbili tangu ile ya usiku, ikiwa imeshuka chini kabisa. Ukimeza kwanza kipimo kinasoma juu, unaweza kupunguziwa dozi bure, na kinga ya mwili inapata mwanya wa kuishambulia figo.

Saa 2. Sindano imetoka tu, nameza palepale. Kwenye benchi kuna mama anayetaka kumpa mwanawe figo.

“Mwanangu, mimi si ndiye niliyemzaa? Itakataaje?”

Nikamwambia, shikamoo mama, mtoto huchukua nusu ya alama za kwenye seli, zile ambazo kinga ya mwili husoma, kwako na nusu kwa baba yake. Nusu ya baba iliyomo ndani yake wewe huna, na kwako kuna nusu ambayo yeye hakurithi. Kwa ndugu wa tumbo moja ni bahati tu: robo ya nafasi mfanane zote, robo msifanane hata moja. Ila vipimo vikikubali, mama anatoa, na wengi wametoa. Muhimbili wanapandikiza tangu Novemba 2017.

Saa 4. Barazani, cherehani. Sare za kwaya, kitambaa cha bluu kinachochuja rangi hadi vidole vinabaki bluu. Jirani ananiletea maji ya mizizi “ya kusafisha figo”. Nampa asante na namrudishia chupa. Hata balungi nimeacha, maana linapandisha takrolimasi kwenye damu.

Saa 7 mchana. Kaka anakuja kula. Machalari ya moto, kachumbari, kwa kuwa ni mbichi, namwachia yeye. Figo moja aliyobaki nayo inafanya kazi ya ziada, na kila mwaka anapimwa. Mzima kabisa, anabeba magunia.

Hapa niseme jambo ambalo watu hawalisemi. Mwaka wa pili baada ya upasuaji kriatinini yangu, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ilipanda, na dozi sikuwa nimeruka. Sikuumwa popote. Wakachukua kinyama kwa sindano hapa chini ya tumbo, upande wa kulia, figo ya kaka ilipo (zangu za zamani hazikutolewa, zimesinyaa tu mgongoni). Jibu: mwili umeanza kuikataa. Siku tatu za dripu ya steroidi, ikatulia.

Mimi nilitulia kabla ya kaka. Aliniuliza, “Kwani yangu ina kasoro gani?” Shangazi naye akatangaza msibani, mbele ya watu, kwamba kaka hakutoa kwa moyo mmoja, ndiyo maana. Kaka hakuja kwetu wiki nzima.

Daktari ndiye aliyetuokoa. Alimwita shangazi, akamsimulia Boston, Desemba 1954: mapacha wa kufanana, mmoja akampa mwenzake figo, ikakaa bila dawa za kushusha kinga, kwa kuwa mwili haukuona kigeni chochote. Sisi wengine, tupendane tusipendane, chembe za kinga zinasoma alama zilizo juu ya seli tu. Shangazi akauliza kama mapacha wale walikuwa wakigombana. Daktari akacheka. Mimi naona lilikuwa swali zuri.

Saa 10 jioni. Mteja amekuja na mtoto mwenye tetekuwanga. Nimempimia mama nje, mtoto akibaki na bibi yake ng’ambo ya barabara. Hakupenda. Na aende.

Saa 2 usiku. Takrolimasi, na maikofenoleti, nayo ya kushusha kinga. Majibu ya damu yatatoka keshokutwa. Vifungo vya sare bado kumi na viwili, na mwalimu wa kwaya amepiga simu mara mbili.