Siku moja katika nyumba inayonizidi umri

Saa 11 alfajiri. Katika nyumba yangu ya wageni, huniamsha si kengele bali mbao za sakafu ya ghorofani. Msumari ukilegea, ubao hupanda na kushuka kila ukikanyagwa, nao hulia. Nazijua moja moja. Nikipanda na trei hupita pembezoni, pale zilipopigiliwa kwenye boriti, nisiwaamshe waliolala.

Saa 12 niko jikoni. Mayai yote nayatumbukiza kwenye bakuli la maji, yai linaloelea silipiki.

Saa 1 na nusu wageni wanashuka. Meza ni moja tu, ndefu, na sitaki kusikia habari za meza ndogo ndogo. Watu waliopishana jana kwenye ngazi bila hata salamu, leo wanaombana chumvi. Mzee mmoja ananiuliza kama vioo vya madirisha vimejikunja hivi kwa uzee. Hapana, mzee wangu, vilizaliwa hivyo: kioo cha zamani kilipulizwa kwa mdomo kisha kikanyooshwa, mawimbi yakabaki humo. Akasogea dirishani, chai yake ikapoa.

Saa 3. “Samahani mama, chumba changu kinanuka unyevu.” Binti wa chumba namba 2, kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. Nikaona aibu, maana ni kweli. Kabla nyumba haijafika mikononi mwangu, mtu aliupiga lipu ya saruji ukuta uliojengwa kwa mawe na chokaa, akamalizia na rangi ya mafuta. Ukuta wa namna hii hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, na rangi inavimba malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nimeyaficha malengelenge hayo nyuma ya kabati mwaka mzima.

Saa 4 na nusu, vyumba. Shuka na foronya zinakwenda kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60. Dada tunayefanya naye kazi anashika tochi, mimi nageuza magodoro, tunakagua mishono yote kutafuta vidoa vyeusi vya kunguni. Hakuna.

Saa 6 fundi amefika. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, unaitika kama debe tupu.

“Mama, tupige saruji mpya na rangi ya kuzuia maji. Leo leo tunamaliza.”

“Fundi, ndivyo alivyosema yule wa kwanza.”

Akacheka, akachukua tindo. Saruji ilibanduka vipande vikubwa, na nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa kana kwamba yamenyeshewa jana. Sasa yaachwe kwanza yakauke. Baadaye ndiyo chokaa, tabaka jembamba juu ya jingine, ikinyunyiziwa maji isikauke kwa pupa, kwa sababu chokaa hugumu kwa kuvuta hewa ya ukaa, na hilo halina njia ya mkato. Chumba kitafungwa kwa wiki kadhaa. Nimepiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu imeniuma. Nikawapigia simu waliokuwa wamekiagiza. Mmoja alielewa. Mwingine alikata simu.

Saa 10 jioni wanaingia wageni wapya. “Inama hapo mlangoni.” Nimesema mara mbili, na bado bwana mrefu akajigonga paji la uso. Mkewe ameomba mishumaa chumbani, apige picha nzuri. Nimemkatalia. Nyumba yenye boriti na ngazi za mbao haichezewi na moto, hata kwa picha.

Saa 3 usiku nabonyeza ving'ora vya moshi kimoja kimoja, nahakikisha njia ya kutokea haina masanduku.

Saa 4 naingia chumba namba 2. Naweka kiganja kwenye jiwe: baridi, majimaji. Harufu imezidi ya asubuhi, kwa kuwa sasa ina pa kutokea. Nimeacha dirisha wazi, kabati nimelisukuma katikati ya chumba.

Nimejilaza. Juu kunalia ubao wa tatu, kisha wa tano. Huyo anatafuta maji ya kunywa. Jagi lipo mezani, atalikuta.