Ziwa Como mwezi wa makufuli

Safari yetu ilianza kwa kuhesabu siku za kulala. Wifi yangu anaishi Maskati, pasipoti yake ya Tanzania, kwa hiyo kila tukitaka kukutana Ulaya kwanza tunapita kwenye viza. Utaratibu wa Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ni kuomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Mimi naishi Zurich, nikataka Lugano, mji wa Uswisi unaozungumza Kiitaliano. Yeye alitaka Ziwa Como, upande wa Italia. Tukagawana: siku mbili Lugano, mbili Varenna, kijiji cha ziwa hilo, moja Milano. Italia tatu, Uswisi mbili, karatasi zake zikaenda kwa Waitaliano pamoja na bima ya matibabu ya euro 30,000, ambayo ndiyo kima cha chini.

"Wifi, hizi hesabu kama za mirathi," akaniambia kwenye simu.

Tulichagua mwisho wa Januari kwa sababu vyumba vimeshuka bei, na mimi kusukumana sipendi. Bellagio, mji mwingine wa ziwa hilo, mwezi wa Julai ni feri ya Kigamboni saa ya kutoka kazini. Lakini ukipanga safari ya kule wakati wa baridi, anza na vilivyofungwa, hamu yako baadaye. Nilikaa na daftari nikawa nafuta. Villa Carlotta na bustani zake, nikafuta. Hoteli nyingi za Bellagio, nikafuta. Vilivyobaki ni vile ambavyo wenyeji wenyewe hawawezi kuishi bila navyo: treni, basi la Lugano kwenda Menaggio, na feri inayounganisha Menaggio, Bellagio na Varenna katikati ya ziwa. Njia yote nikaishona juu ya hivyo vitatu.

Ijumaa tarehe 27 nikashuka kusini kupitia handaki la Gotthard, lile la kilomita 57 lililofunguliwa 2016. Dakika kama ishirini za giza tupu. Niliingia theluji inaanguka, nikatoka upande wa pili jua linawaka. Hapo nikavua kofia, nikaanza kujisifu kwa mpango wangu.

Sifa hazikufika mbali. Wifi alikuja na treni ya Milano, mwendo wa kama saa moja na robo, nikamkuta stesheni ya Lugano ameinua simu juu kama anayeomba mvua. Alikuwa amenunua bando la Italia. Treni ilipovuka mpaka Chiasso, simu ikarukia mtandao wa Uswisi na salio likateketea kwa picha tatu alizomtumia mama. Kosa langu: Uswisi imo Schengen lakini haimo Umoja wa Ulaya, na nilijua, sikumwambia. Basi jioni nzima wifi akawa anatafuta waifai, na mzaha huo niliurudia mpaka akaninunia.

Kilichomlainisha ni tiketi ya bure. Ukilala hotelini katika jimbo la Ticino, ambamo Lugano imo, unapewa Ticino Ticket, unapanda treni na mabasi ya jimbo zima mpaka siku ya kuondoka. Kwa bei za Uswisi, hilo si jambo dogo. Jumamosi tukaitumia kwenda Bellinzona, siku ya soko, jibini na soseji zimepangwa barabarani chini ya ngome. Ngome ziko tatu, UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, na kuta zake zilikuwa za watawala wa Milano, kuziba bonde ili Waswisi wasishuke. Waswisi wakaja kuzichukua hata hivyo. Castelgrande, mojawapo ya hizo tatu, unapanda kwa lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba. Wifi, mwenye magoti yake, akasema hiyo ndiyo ngome aliyoipenda.

Kesho yake tukapanda basi la Menaggio. Barabara inaambaa na maji, mlima upande mmoja, na mpaka unapita bila hata kuulizwa pasipoti. Kisha feri. Juu yake tulikuwa watu tisa na gari la fundi bomba. Milima imejifunika theluji hadi kiunoni, ziwa limetulia rangi ya chuma, wala hakuna aliyeongea. Kwa robo saa ile tu ningelipa safari nzima.

Varenna ilikuwa imelala. Mama mwenye nyumba alituambia tumefika siku za merla, ndege mmoja mweusi, tarehe 29, 30 na 31, zinazosemekana kuwa baridi kuliko zote. Eti ndege huyo zamani alikuwa mweupe, akajificha siku tatu kwenye bomba la moshi, akatoka mweusi. Bellagio tulizunguka saa nzima, maduka yamefungwa moja baada ya jingine. "Umenileta kuona makufuli," wifi akasema.

Lakini usiku, katika mkahawa uliokuwa wazi Varenna, wakaleta missoltini: samaki wa ziwa waliotiwa chumvi, wakakaushwa na kushindiliwa kwenye kopo, wakapashwa motoni, wakatiwa siki, pembeni polenta, ugali wa mahindi wa Kiitaliano. Wifi alinusa kabla ya kuonja. "Huyu ng'onda," akasema, akala sahani yangu pia.

Milano nilipanga iangukie Jumanne kwa makusudi, maana mchoro wa Leonardo, Karamu ya Mwisho, Jumatatu haufunguliwi. Unaingia kwa zamu, dakika 15, mlango unafungwa nyuma yako. Aliuchora juu ya ukuta mkavu mwishoni mwa miaka ya 1490 na ukaanza kubanduka yeye mwenyewe angali hai. Wifi alitazama meza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama na wale walikuwa wanakula samaki.

Asubuhi nikamsindikiza kwa treni hadi uwanja wa ndege wa Malpensa. Kopo la missoltini alilifunga kwa mifuko minne na kanga, na bado behewa zima lilijua.