Ufunguo uko ng'ambo ya mto

Jana tulitembea kutoka ufukweni hadi shule iliyo mlimani, tunayotaka iwe kimbilio dhoruba ikija. Mimi nilitumia dakika 12. Bibi mmoja mwenye mkongojo alitumia 35, akasimama mara nne kuvuta pumzi. Kwenye ramani yetu njia ile ni mstari mfupi tu.

Tukapima darasa: mita 7 kwa 8. Viwango vya kimataifa vya Sphere, vya kuhudumia watu wakati wa maafa, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa, kwa hiyo hapo wanaenea watu 16. Sisi tulikuwa tumeandika 50! Bado maji, lita 15 kwa kila mtu kwa siku, na vyoo.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kufuli. Mwenye ufunguo anaishi ng'ambo ya mto, na mto ndio hufurika kwanza. Bangladesh wana majengo ya kukimbilia vimbunga yaliyoinuliwa juu ya nguzo, na mengi ni shule siku za kawaida, hivyo watoto wanazijua ngazi zake.

Leo tumeongeza funguo mbili, zinakaa kwa majirani wa shule. Kesho tunapita nyumba kwa nyumba kuandika nani atambeba nani.