Ndoo Sita Uani: Vijana Wangu Walivyojifunza Kufunga Wakiwa Sita kwa Watano

Mzee mmoja aliyewahi kucheza polo ya majini, mchezo wa kurusha mpira golini mkiwa mnaogelea, aliniambia, “Kocha, mpinzani akitolewa, vijana wapige hapo hapo kabla hajarudi. Pasi za nini?” Nilimwamini. Ushauri ule ulitugharimu msimu mzima, na bado unaniudhi.

Nafundisha mchezo huo kwa wavulana wa chini ya miaka 18 hapa Dodoma. Kwa sheria tulizochezea, aliyetolewa kwa faulo alikaa nje sekunde 20, wenzake walibaki watano mbele ya kipa, sisi tulishambulia sita. Wageni kutoka Dar es Salaam walitolewa mara saba kwenye mechi ya kirafiki. Tulifunga mara moja! Mpigaji wetu mwenye mkono mzito akiupata mpira tu anafyatua, na kila mara kipa yuko juu, kifua nje ya maji, mikono imetanda.

Usiku ule niliirudia video ya simu mpaka chaji ikaisha, na ndipo nilipoona: kipa akishaibuka, lazima azame. Hana ardhi ya kurukia tena. Kuna kitambo kifupi maji yanamfika kidevuni, na sisi tulikuwa tunampigia akiwa juu.

Bwawa tunakodi kwa saa, kama elfu hamsini hivi, na Julai hapa maji yanakata mifupa. Nikahamishia mazoezi uani kwangu, Nkuhungu. Nilifudikiza ndoo sita za lita 20: nne mbele ya goli, mbili nyuma yao, mbali zaidi na goli. Goli ni fito mbili, mita 3 kati yake. Kila kijana akakalia ndoo yake, miguu hewani, marufuku kisigino kugusa chini, kwa sababu majini hakuna ardhi ya kukanyaga. Watano walizuia kwa mafagio ya mpini mrefu. Mpira niliuchovya kwenye beseni ili vidole vizoee utelezi. Pasi idakwe kwa mkono mmoja juu ya bega. Ikigusa mapaja, imeanguka majini, tunaanza upya. Waliobaki wanahesabu kwa sauti kutoka 20 kushuka.

Wiki ya kwanza hatukuvuka pasi tatu. Wiki ya tatu watoto wa jirani walikuwa wanahesabu nasi kutoka ng'ambo ya ukuta.

Kisha nikawaongezea lile la kipa. Mwenye mpira ainue mkono kama anapiga kweli, macho golini, asiachie. Kipa akiibuka, mpira uvuke upande wa pili. Na anayepokea awe ameshainua mkono, maana ukianza kuuinua baada ya mpira kufika, kipa ameshajipanga.

Bwawani nilifunga chupa nyekundu kwenye mita 2 kutoka golini, kwani wachezaji wetu wa karibu na nguzo za goli walizoea kuutangulia mpira humo ndani, jambo lisiloruhusiwa, na filimbi inalia.

Wageni walirudi Septemba. Walipotolewa mara ya kwanza, benchi letu likaanza kuhesabu. Kumi na nne, mpigaji wetu akainua mkono, kipa akaruka. Kijana akaushikilia. Kumi na mbili, pasi ikavuka hadi kwa mshoto wetu aliyekuwa upande wa kulia, mkono wake ukiwa tayari juu. Kipa alikuwa anageuza shingo, maji yamemfika kidevuni, mpira ukapita juu ya sikio lake.